UZI: "Largish", "longish", "tallish" na wenzake: maana yake hasa, na namna ya kuvileta kwenye Kiswahili bila kupoteza kipimo

Mkalimani_Ilala (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kuna kundi la vivumishi vya Kiingereza vya mazungumzo ambavyo madarasani vinapitiwa juujuu, lakini kwenye riwaya, matangazo ya nyumba na mapishi vimejaa: largish, biggish, smallish, longish, tallish, oldish. Vyote vinapunguza makali ya sifa. Nianze na sentensi tatu:

"It's a largish room with one window."
"She wore a longish skirt."
"Come at tenish."

Kwenye tafsiri utakuta mmoja kaandika "chumba kikubwa" tupu, mwingine "chumba cha wastani", wa tatu "chumba kikubwa kidogo". Hivi haviwezi kuwa sahihi vyote kwa pamoja. Wenye ujuzi tiririkeni, tena kwa mifano.

---

MwalimuSarufi

Mkuu, hapa jambo la kushika ni moja: -ish inapunguza sifa, lakini haibadilishi upande.

Chukua ukubwa wa vyumba kutoka kidogo, cha wastani, hadi kikubwa. "Largish" imeshaupita wastani, inaelekea kwenye ukubwa, ila haijafika pale ambapo msemaji angesema "large" bila kusita. "Smallish" iko chini ya wastani, inaelekea udogo. Ukiandika "cha wastani" kwa largish, utalazimika kuandika hivyohivyo kwa smallish, na hapo vyumba viwili tofauti vimekuwa kimoja. Ndiyo maana "wastani" siikubali hata kidogo. Nayo "kikubwa" tupu inampa msomaji ahadi ambayo mwandishi wa Kiingereza hakuitoa. Aliweka -ish makusudi ili asibanwe.

"Si kikubwa sana" nayo ina kasoro. Kwa Kiingereza "not very large" mara nyingi ni njia ya adabu ya kusema kidogo. Largish ni sifa chanya: chumba kina nafasi.

Kwa hiyo:

"Ni chumba kikubwa kiasi chenye dirisha moja."
"Alivaa sketi ndefu kiasi."
"Njoo saa nne hivi."

Kipimo cha haraka: badilisha -ish kwa "fairly". Kama "fairly large" inakaa mahali pa "largish" bila sentensi kuharibika, una -ish ya kupunguza, na "kiasi" itakufaa. Kwa "childish" jaribu uone: "fairly child" haipo. Hiyo ni -ish nyingine, nitaiacha kwa wengine.

Upande wa sarufi ya Kiingereza, haya ndiyo yanayoharibika mara kwa mara. Kivumishi cha -ish hakipandishwi daraja, kwa hiyo "largisher" na "more largish" si Kiingereza cha mtu. "Very largish" inajipinga yenyewe, neno moja linaongeza na kiambishi kinapunguza. "Fairly largish" utaisikia mitaani, lakini inapunguza mara mbili bila faida. Sifa zilizokwisha kufika kikomo, kama huge, tiny, enormous, hazipendi -ish, kwa kuwa hazina katikati. Na -ish hukaa vizuri kwenye maneno mafupi. Kwenye marefu watu huweka kistari, "expensive-ish", na hapo msomaji anasikia kabisa kwamba mwandishi anachezea lugha.

---

Binti_wa_Lamu

Mwalimu amesema vyema. Mimi niongeze kuhusu "kidogo", maana ndiyo inayowaponza wengi.

"Nataka chumba kikubwa kidogo" kwa masikio ya Mswahili ni kulinganisha: nataka kikubwa zaidi ya hiki ulichonionyesha, ila si kwa mbali. Kwa Kiingereza hiyo ni "a slightly bigger room", wala si "a largish room". Pale ambapo hakuna kitu cha kulinganishwa nacho, "kidogo" inaweza kupita, lakini kwenye hadithi yenye nyumba mbili au watu wawili msomaji atalinganisha tu, hata kama hukukusudia.

"Kiasi" nayo ina mtego wake, na ni mbaya zaidi kwa sababu unaigeuza maana chini juu. "Chumba kikubwa kiasi" kisha nukta, au kisha neno kama "chenye", ni largish. Lakini "chumba kikubwa kiasi kwamba…" ni "so large that", yaani kikubwa kupindukia. "Kikubwa kiasi hiki!" ni mshangao. Kwa hiyo baada ya "kiasi" tazama neno linalofuata. Kama sentensi yako inataka kuendelea na "kwamba" au "cha ku-", hamisha kipunguzi mahali pengine: "chumba chenye ukubwa wa kiasi chake", au "chumba chenye nafasi ya kutosha".

Neno lenyewe ni zuri kwa kazi hii. Kwenye tafsiri ya Biblia ya Union Version, Wagalatia 5:23, "kiasi" ni tunda la roho, kujizuia kusipindukie. Maana ya kutozidi imo ndani yake tangu zamani, haikuletwa na wafasiri wa leo.

---

Mzizi_wa_Neno

Nichukue pale Mwalimu alipoacha, kuhusu -ish ya "childish".

Kiambishi hiki ni cha asili ya Kigermaniki, yaani lugha mama ya kale ya Kiingereza, Kijerumani na ndugu zao. Kwenye Kiingereza cha kale kiliandikwa -isc, na ndugu zake wapo hadi leo: -isch ya Kijerumani na Kiholanzi, -isk ya Kiswidi na Kidenmaki. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuonyesha watu na asili yao: English, Danish, Scottish, Irish. Halafu ikashika majina ya kawaida: childish, foolish. Kwenye Kiingereza cha karne za kati ikaanza kushika rangi, yellowish na reddish, na hapo ndipo maana ya "kwa kiasi fulani" ilipochipuka. Kwenye saa na umri, tenish na fiftyish, ni mtindo wa karne ya 20.

Sasa tazameni ki- ya kwetu. Kituruki ni Turkish. Mambo ya kitoto ni childish. Na "leo kuna kibaridi" ni coldish. Kiambishi kimoja cha Kiswahili kinabeba asili ya watu, namna ya kufanya, na kupunguza, kazi zilezile tatu za -ish. Lugha hizi hazina undugu wowote, lakini hilo linampa mfasiri silaha ambayo wengi wanaisahau kwa sababu akili imeshaganda kwenye "kidogo". Kwa hali ya hewa, ki- ni bora kuliko "kiasi" mara kumi: kibaridi, kijoto, kiupepo. "It's coldish this morning" ni "asubuhi hii kuna kibaridi". Ukiandika "asubuhi hii ni baridi kiasi" umeeleweka, ila hakuna anayesema hivyo akitoka nje ya mlango.

Tahadhari kwa wanafunzi: finish, punish, abolish hazimo kwenye kundi hili. Hizo ni vitenzi vilivyoingia kutoka Kifaransa, mwisho wake umefanana kwa bahati tu. Na kwenye majina, -ish mara nyingi inabeba lawama: childish ni kulaumu, wakati "childlike" ni kusifu moyo mweupe wa mtoto. Bookish inaegemea kejeli kidogo. Boyish na stylish hazina lawama. Hakuna kanuni ya kukusaidia hapo, ni kujifunza moja moja.

---

Kalamu_Dodoma

Tahajia, maana naona watu wanaandika "bigish" na "largeish".

Neno likiishia na e isiyotamkwa, e huondoka: large – largish, white – whitish, late – latish, blue – bluish. "Blueish" ipo pia kwenye kamusi ila bluish ndiyo ya kawaida zaidi. Neno fupi lenye irabu moja fupi na konsonanti moja mwishoni, konsonanti hurudiwa: big – biggish, red – reddish, thin – thinnish, flat – flattish. Zikiwa konsonanti mbili au irabu mbili hakuna kurudia: tallish, darkish, greenish, sweetish. W hairudiwi: lowish, newish, slowish. Y haigeuki: dry inakuwa "drier" kwenye kulinganisha, lakini kwenye -ish ni dryish. Tarakimu huwekewa kistari: 30-ish.

Na matamshi. Longish na youngish zinawakwaza wengi, lakini Mswahili ana bahati hapa. Kwenye "longer" na "younger" sauti ni ile ya "ngoma", g inasikika. Kwenye longish na youngish ni ile ya "ng'ombe", g haipo. Andika kichwani "long'ish" utaipata sawasawa. Mkazo unabaki palepale ulipokuwa kwenye neno la msingi, silabi ya -ish haikazwi.

---

Mkalimani_Ilala

Shukrani sana wakuu. Na hili la "tenish"? Kuna anayesema "saa nne na ushei" ni tafsiri tosha.

---

Binti_wa_Lamu

Hapana ndugu yangu. "Na ushei" inakwenda mbele tu: saa nne imeshapita. Vivyo hivyo "hamsini na kitu", mtu keshavuka hamsini. Tenish inakwenda pande zote mbili. Mtu akifika dakika kumi kabla au dakika kumi na tano baada, hajakosea. Inayolingana nayo ni "saa nne hivi", "kama saa nne", au kwa lugha ya vijana wa Dar "mida ya saa nne". Usiweke mbili pamoja, "kama saa nne hivi" inavumilika kwenye maongezi lakini kwenye maandishi ni kurudia. Waingereza wana kosa hilohilo: "at about tenish".

Kumbukeni na saa zetu. Sevenish ni saa moja hivi. Mtu akishughulika na -ish anasahau kugeuza saa.

Kwa umri, fiftyish ni "wa miaka hamsini hivi". "Wa makamo" ni "middle-aged", pana mno. Oldish kwa mtu ni "mtu mzima kiasi" au "umri umekwenda kidogo", na hapa "kidogo" inafaa kwa sababu imeshika kitenzi.

---

Faharasa_ya_Tiba

Ninaona mmeliweka kundi lote kwenye kapu la lugha ya mazungumzo. Kwa ukubwa, urefu na saa ni kweli: largish na tenish hazina nafasi kwenye mkataba wala ripoti ya uchunguzi. Kwa rangi si kweli. "Bluish lips", "yellowish discharge", "reddish rash" ni Kiingereza rasmi kabisa cha kitabibu, cha mimea, cha madini. Hakuna njia fupi nyingine ya kusema rangi imeelekea huko bila kuwa hiyo kamili.

Hili lina uzito kwenye vipeperushi vya afya. Ukiandika "midomo ya bluu", mzazi atasubiri bluu ya kalamu, na rangi hiyo haitakuja. Andika "midomo kuelekea rangi ya bluu", na kwa ngozi nyeusi ongeza mahali pa kutazama, yaani ndani ya midomo, ulimi na fizi, maana juu ya ngozi haionekani vizuri. "Yellowish" ni "ya manjanomanjano" au "yenye umanjano kwa mbali". Hiyo "kwa mbali" ni hazina: wekundu kwa mbali, harufu ya moshi kwa mbali, ukakasi kwa mbali. Inafaa rangi, harufu na ladha, haifai ukubwa. Kwa ladha tunayo pia "chumvichumvi" kwa maji ya kisima, na kwa unyevu "majimaji". Maji "warmish" yana neno lake kamili: vuguvugu. Usitafute kiambishi pale ambapo neno lipo.

---

Kijana_wa_Nakuru

Swali. Kama "kijanikijani" ni greenish, basi "smallish stones" si nitasema tu "mawe madogo madogo"?

---

MwalimuSarufi

Swali zuri, na ni mtego mkubwa.

Kurudufisha kivumishi cha ukubwa kwenye wingi kunagawa sifa kwa kila kimoja, hakupunguzi. "Mawe madogo madogo" ni mawe ambayo kila moja lake ni dogo. "Nyumba kubwa kubwa" ni nyumba zote kubwa, tena kwa kutilia nguvu. Kwa hiyo "smallish stones" ni "mawe madogo kiasi".

Kwenye umoja mambo yanabadilika, hasa ukielezea mtu: "yule dada mweupe mweupe hivi", "jamaa mmoja mrefu mrefu hivi", "mnene mnene". Hapo kurudufisha kunapunguza, na "hivi" inafunga maana isiteleze. "Jamaa mrefu mrefu hivi" ni tallish kwa asilimia zote, pamoja na ule wepesi wa mazungumzo uliomo kwenye -ish. "Mrefu kiasi" ina maana ileile lakini imevaa rasmi zaidi. Mhusika wa riwaya akiwa anaongea, mpe kurudufisha. Msimulizi mpe "kiasi".

Wakati nao una tabia yake: "jioni jioni" ni kuelekea jioni, inapunguza, lakini "asubuhi asubuhi" ni mapema sana, inaongeza. Kwa "earlyish", basi, usirudufishe. Sema "mapema kiasi" au "mapema kidogo".

---

Kijana_wa_Nakuru

Asante Mwalimu. Na tofauti ya largish na "quite large", "rather large", "pretty large"?

---

MwalimuSarufi

Kwa Kiingereza cha Uingereza, fairly iko chini, quite juu yake kidogo, rather na pretty juu zaidi, halafu very. Largish inakaa jirani na fairly. Tofauti ni kwamba fairly inaweza kuandikwa kwenye barua ya kazini, largish itaonekana imevaa ndara.

Angalieni quite. Mwingereza akisema kazi yako ni "quite good" huenda anakupa wastani tu, Mmarekani akisema hivyohivyo anakusifu. Na kwenye sifa zisizo na daraja, "quite full" au "quite right", maana yake ni kabisa. Rather nayo huingiza kutoridhika: "rather warm" ni joto kuliko linavyotakiwa, wakati "warmish" haina lawama.

---

Manukuu_TZ

Kwa wanaoandika manukuu ya filamu: kipimo kinachotumiwa na wengi ni herufi 42 kwa mstari, kwa hiyo maelezo marefu ya "si kubwa sana lakini pia si ndogo" hayana nafasi. "Kiasi" na "hivi" zina herufi nne tano tu, zitumieni.

Halafu kuna "ish" inayosimama peke yake, iliyojitenga na neno kwenye Kiingereza cha Uingereza kuanzia miaka ya 1980. "Are you ready?" "Ish." Hapo mhusika anarudi nyuma na kupunguza jibu lake. Tafsiri inategemea swali: "uko tayari?" inajibiwa "karibu", "umefurahi?" inajibiwa "kiasi", "unaendeleaje?" inajibiwa "hivi hivi tu". Na ikija mwishoni mwa kauli, "I'm free tomorrow. Ish.", andika "Kesho nina nafasi. Kwa kiasi." Nukta ibaki, kile kituo ndicho kinachobeba maana.

Kwenye hip hop ya Marekani "ish" ni kitu kingine kabisa, ni neno la kuficha tusi. Hiyo usiitafsiri kwa kiasi wala hivi.

---

Mkalimani_Ilala

Naweka sentensi ya majaribio, maana hii ndiyo inayotesa, -ish nne kwa mpigo:

"He was a tallish, thinnish man, fiftyish, with greyish hair."

---

Kalamu_Dodoma

Ukiweka "kiasi" mara nne msomaji atachoka kabla ya nywele. Kila -ish ipe chombo chake. Anza na umri, Kiswahili kinapenda kumtambulisha mtu hivyo: "Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mrefu kiasi, mwembambamwembamba, nywele zimechanganyika mvi."

"Hivi" imebeba umri, "kiasi" urefu, kurudufisha wembamba, na mvi hazikuhitaji kipunguzi kwa sababu "zimechanganyika" imeshasema kwamba si zote. "Greyish" ingekuwa ya macho au ya koti ningeandika "kijivujivu". Kwa nywele, Mswahili haoni kijivu, anaona mvi.

---

Binti_wa_Lamu

Naafiki. Niongeze moja iliyosahaulika: "goodish". Kwa ubora ni "nzuri kiasi", hilo ni jepesi. Lakini "a goodish sum" au "a goodish distance" inasema kiasi kikubwa cha kutosha kutajwa, si cha kupita tu. Hapo tumieni "si haba": "alilipwa pesa si haba", "ni mwendo si haba kutoka stendi". Ukiandika "pesa nzuri kidogo" umemshusha mtu mshahara.